Kompyuta kuukuu yapata moyo mpya, na sauti za marehemu zaokolewa

Katika nyumba nyingi za mijini siku hizi, ukichungulia juu ya kabati utakuta kompyuta ya mapajani iliyostaafu. Haikuvunjika wala haikuungua. Kosa lake ni moja tu, uzee. Ukiiwasha, waweza kuinjika chai, ikachemka, ukainywa na kikombe ukaosha kabla haijawa tayari kwa kazi. Wenyewe huchoka, wakaifunga na kuanza kudunduliza pesa za kununua nyingine. Mpenzi msomaji, kabla hujaitupa yako, ningependa nikusimulie habari ya kompyuta moja ya huko kwetu kwenye mashamba ya chai, kati ya Kericho na Bomet, maana ndani yake mlikuwa na kitu ambacho hakiuzwi katika duka lolote.

Kompyuta hiyo ilikuwa ya marehemu shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo. Alikuwa mkulima mdogo wa chai nje kidogo ya Litein, na aliinunua mwaka wa 2014 kwa pesa za bonasi, yale malipo ya mwisho wa mwaka ambayo huko kwetu ndiyo hulipa karo, huezeka nyumba na hutoa mahari. Ilikuwa mtumba, lakini mtumba mzuri. Aliitumia kuandika hesabu za kilo alizopeleka kituoni, barua za kanisa na ratiba za mazishi ya kijiji. Alipofariki mwaka wa 2021, kompyuta ikawa ya binti yake, mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa akijiandaa kwenda Chuo Kikuu cha Kabianga kusomea ualimu.

Desemba ya 2024 nilipokwenda nyumbani kwa Krismasi, nilimkuta mpwa wangu ameinama juu ya mashine hiyo kama mtu anayeuguza mgonjwa. Nilitazama saa yangu. Tangu alipobonyeza kitufe mpaka alipoweza kufungua kazi yake ya chuo zilipita dakika tisa. Tena kila baada ya muda ilitoa sauti ndogo, tik, tik, tik, mithili ya mtu anayegonga ukucha juu ya sahani.

"Mjomba," akaniambia, "nilimpelekea fundi mmoja mjini. Alisema ni ya kutupa, au nimwachie aifute yote aanze upya. Mpya alitaka kuniuzia kwa shilingi 45,000."

Shilingi 45,000! Kwa mkulima mwenye nusu eka ya chai hiyo si pesa ya kutajwa kwa sauti kubwa. Lakini si bei iliyonishtua, bali neno lile la pili: aifute yote.

Nikamwuliza, "Humo ndani mna nini?"

"Mna kazi zangu, picha za baba, na zile rekodi za Kogo."

Kogo ni nyanya kwa lugha yetu ya Kikipsigis. Mamake shemeji aliaga dunia mwaka wa 2018, akiwa mwanamke wa umri mkubwa. Miaka miwili kabla ya hapo, mwanawe alimketisha jikoni jioni kwa jioni, akaweka kinasa sauti cha simu mbele yake na kumwomba asimulie. Akasimulia jinsi miche ya kwanza ya chai ilivyopandwa katika shamba lao baada ya mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, KTDA, kuundwa mwaka wa 1964. Jinsi majirani walivyowacheka waliong'oa mahindi ili wapande majani yasiyolika. Na nyimbo walizoimba wasichana enzi zake. Rekodi zilikuwa 24, zote zimehamishwa kutoka kwenye simu hadi kwenye kompyuta hiyo. Simu yenyewe iliibwa zamani. Nakala nyingine haikuwapo popote duniani.

Wahenga walinena kwamba jongoo hutupwa na mti wake. Ushauri wa yule fundi ulikuwa wa namna hiyo. Mimi riziki yangu ni kutunza kompyuta za ofisi huko Nairobi, na kwa miaka mingi nimefungua mashine za aina hii nyingi kiasi cha kutosha kujua kwamba mara nyingi hapana haja ya kumtupa mtu. Ubongo wa kompyuta ile ulikuwa mzima. Kioo kilikuwa kizima, vitufe vizima. Kilichochoka ni kiungo kimoja tu, nacho ni diski.

Naomba nieleze kidogo, kwa sababu jambo likieleweka halitishi tena. Diski ya zamani, ambayo mafundi huiita hadi diski, ni ndugu wa santuri. Wazee wetu wataikumbuka gramafoni: sahani nyeusi inazunguka, na mkono wenye sindano unafuata mistari yake. Ndani ya hadi diski mna sahani ya kung'aa yenye utando wa sumaku, na mkono mwembamba unaokwenda mbele na nyuma ukisoma. Tofauti ni kwamba mkono huu hauigusi sahani; unaelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele, tena mara nyingi. Katika kompyuta nyingi za mapajani sahani hiyo huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde. Ikitikiswa vibaya, mkono waweza kukwaruza sahani, na palipokwaruzwa hapasomeki tena.

Kwa nini inakuwa polepole? Kompyuta inapoamka husoma maelfu ya faili ndogo ndogo zilizotawanyika huku na huko juu ya sahani. Mfano wake ni kumtuma mchuma chai achume jani moja hapa, jingine ng'ambo ya shamba, la tatu chini kabisa mtoni, kisha arudi pale alipoanzia. Hata awe na mikono myepesi namna gani, siku itakwisha kikapu hakijajaa. Mkono wa diski huhitaji kiasi cha milisekunde kumi na kitu kufika kila mahali. Yaonekana ni muda mfupi, lakini zidisha kwa maelfu ya safari uone.

Diski ya flashi, ambayo mafundi huiita kwa herufi zake SSD, haina sahani wala mkono. Hakuna kinachozunguka. Habari huhifadhiwa kama chaji ndogo za umeme zilizonaswa ndani ya vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na kompyuta hukiita kijumba inachokitaka moja kwa moja. Aliyebuni kumbukumbu ya flashi ni Mjapani Fujio Masuoka, alipokuwa katika kampuni ya Toshiba miaka ya 1980. Safari ile ya jani moja moja, flashi huimaliza upesi kuliko hadi diski kwa mara mia au zaidi. Ndiyo sababu kompyuta ya zamani ikibadilishwa diski huonekana kama imerudi ujanani, ilhali ubongo wake ni ule ule.

Basi nilimwambia mpwa wangu tutaibadilisha. Lakini nikamwambia pia kwamba hatutagusa hata skrubu moja kabla ya kuokoa kilichomo. Ile sauti ya tik tik haikuwa kikohozi cha kawaida. Diski ikianza kugonga hivyo, aghalabu ni ishara kwamba mkono unatafuta mahali na haupaoni, na kila saa unayoendelea kuitumia unaipunguzia maisha. Tukaizima hapo hapo.

Kesho yake tulishuka mjini Kericho. Tulinunua diski ya flashi ya gigabaiti 240 kwa shilingi 3,500, na kijisanduku chenye waya wa kuiunganisha diski na kompyuta kwa nje kwa shilingi 700. Diski nyingine ya nje, kubwa, nilikuwa nayo begani kutoka Nairobi. Jumla yetu ilikuwa shilingi 4,200, hata kumi moja ya bei ya ile mpya haikufika.

Siku iliyofuata tulianza kazi saa moja asubuhi, kwa makusudi. Mwenye kuijua nchi ya Kericho anajua kwamba mvua yake hupenda kuja alasiri, tena mara nyingi huja na radi na mawe, na umeme huondoka bila kuaga. Betri ya ile kompyuta ilikuwa imekufa. Umeme ukikatika, kila kitu kingekatika. Nilitaka tuwe tumemaliza la muhimu kabla mawingu hayajakusanyika upande wa ziwa.

Watu wengi hukimbilia kunakili diski nzima kwa mkupuo mmoja. Kwa diski yenye afya njia hiyo ni nzuri: programu maalumu hunakili kila kitu, mpya ikawa pacha wa ya kale. Lakini kwa diski inayougua, anza na kile kisichonunulika. Programu za kuandikia utazipata tena. Sauti ya nyanya hutaipata. Tukaanza na rekodi, moja moja.

Za kwanza kumi zilipita bila tatizo. Ya 11 ikakwama. Mstari wa kuhesabu ukasimama, diski ikagonga, tik, tik, tik. Mpwa wangu akashika mdomo. Tukangoja kama dakika sita, kisha ikaendelea. Ya 17 vilevile. Ya 19 ilikataa kabisa. Tuliiacha, tukaendelea na nyingine, tukairudia mwisho mara mbili, ikakataa. Nikasema basi, tusije tukapoteza zilizobaki tukiifuata moja. Baada ya rekodi tulinakili picha, kisha kazi za chuo. Kufikia saa sita tulikuwa na rekodi 23 kati ya 24. Ile moja mpaka leo hatujaipata, na hatujui Kogo alisema nini jioni hiyo.

Dada yangu alikuwa jikoni akipika. Mpwa wangu akafungua rekodi moja kuhakikisha kwamba inasikika. Kwanza palikuwa na sauti ya moto na vyombo. Kisha, kabla ya Kogo kusema lolote, ilisikika sauti ya mwanamume ikiuliza kwa upole, kwa Kikipsigis, kama amekunywa chai yake.

Ilikuwa sauti ya shemeji.

Hakuna aliyekuwa amefikiria hilo. Sote tulikuwa tukizungumzia rekodi za Kogo, tukasahau kwamba anayehoji naye husikika. Dada yangu alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. Tangu mwaka wa 2021 hakuwa ameisikia sauti ya mumewe. Hakulia. Alisikiliza mpaka mwisho, dakika 31, na sufuria ikaungua, wala hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Nilipokuwa nikirudi Nairobi nilikumbuka habari nyingine ya nchi yetu hiyo hiyo. Mwaka wa 1950 mtafiti Hugh Tracey alipita kwa Wakipsigis akirekodi nyimbo. Wasichana walimwimbia wimbo uitwao Chemirocha, jina lililotokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1933 na ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko milimani. Watu waliosikia sauti ikitoka ndani ya sanduku walimsimulia kama kiumbe nusu mtu nusu swara. Rekodi hizo zilikwenda Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika ambayo Tracey aliianzisha mwaka wa 1954. Zilitolewa katika santuri, na baadaye zikahamishiwa katika kompyuta. Miongo kadhaa baadaye, nakala zilirudishwa kwa Wakipsigis, na baadhi ya walioimba ujanani walikuwa bado hai kuzisikia.

Ukitafakari utaona kwamba nyimbo zile hazikuokolewa na santuri. Santuri huvunjika. Ziliokolewa na watu ambao kila chombo kilipozeeka walihamisha kilichomo kabla hakijaoza. Hivyo ndivyo ilivyo kwa picha zetu, barua zetu na sauti za wazee wetu.

Sasa nirudi kwenye kazi yenyewe, kwa ajili ya msomaji ambaye angetaka kuijaribu au kumsimamia fundi akiifanya. Kwanza, hakikisha kompyuta yako hukubali diski ya aina gani. Nyingi za kabla ya mwaka wa 2015 hutumia diski bapa ya inchi mbili na nusu, yenye ukubwa wa pakiti ndogo ya kadi. Za karibuni hutumia kijibao chembamba mithili ya kipande cha ubani, na nyingine zimechomelewa kabisa zisibadilishwe. Uliza kabla ya kulipa.

Pili, zima kompyuta kabisa, chomoa waya wa umeme, na utoe betri kama inatoka. Gusa kitu cha chuma kwanza ili umeme wa mwilini ushuke. Kwa ile ya shemeji palikuwa na kifuniko kidogo chini chenye skrubu mbili, na bisibisi ndogo ya nyota ilitosha. Diski hukaa ndani ya fremu ya bati. Ivute kwa upole upande ili ichomoke, usiiinue kwa nguvu. Hamishia fremu kwenye diski mpya, isukume mahali pake, rudisha skrubu. Mpwa wangu aliyafanya hayo yote kwa mikono yake mwenyewe, mimi nikiwa nimeketi kando, na hakumaliza robo saa. Baada ya hapo tuliweka mfumo upya. Siku hiyo ilipowashwa mara ya kwanza ikiwa tayari, nilitazama saa: sekunde 28.

Tatu, jihadhari na bidhaa bandia. Zipo diski na vijiti vya flashi vinavyojitangaza kuwa na nafasi kubwa ilhali ndani ni vidogo. Ukivijaza hufuta vya kale kimyakimya. Nunua kwa muuzaji mwenye duka na risiti, na ijaribu kwa kuijaza faili kisha uzifungue kabla hujaiamini.

Nne, usidanganyike kwamba flashi haifi. Ile ya kuzunguka hugonga na kulalamika kabla ya kufa, lakini flashi aghalabu huzimika ghafla bila kuaga. Vijumba vyake vina kikomo cha kuandikwa, ingawa kwa matumizi ya nyumbani kikomo hicho ni kirefu. Tena ikikaa miaka bila umeme, chaji zake zaweza kuvuja na habari zikapotea. Kwa hiyo usiifungie kabatini ukadhani umeweka hazina.

Tano, fikiria mfumo wa kompyuta. Microsoft ilikoma kuitunza Windows 10 bila malipo tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za kale haziruhusiwi kupanda hadi Windows 11. Hilo nalo si sababu ya kuitupa. Ipo mifumo ya Linux isiyolipiwa, na mwanafunzi anayeandika insha na kusoma mtandaoni atatosheka nayo.

Ama ile diski ya kale, usiitupe jaani wala kumwachia fundi. Hata ikiwa mbovu, humo mna nambari zako, barua zako na sura za watoto wako, na mtu mwenye ujuzi aweza kuzitoa. Ile ya shemeji imefungwa katika kitambaa ndani ya sanduku la dada yangu, pengine siku moja atapatikana mtaalamu wa kuifungua ile rekodi ya 19.

Rekodi nyingine 23 sasa zimo mahali pa tatu: ndani ya kompyuta ya mpwa wangu huko Kabianga, ndani ya diski ya nje nyumbani kwa mamake, na kwangu Nairobi. Kila Desemba tumekubaliana kuzifungua zote, kuzisikiliza, na kuzihamisha ikiwa chombo kimojawapo kimeanza kuchoka. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini wao waliweka akiba yao ghalani. Akiba ya kompyuta huoza, tena bila harufu. Basi uliza leo hii nyumbani kwako, picha za harusi yenu na sauti ya baba yenu ziko wapi, na kama ziko mahali pamoja tu, zihamishe kabla jua halijatua.